Miaka 17 kazini, kisha niambiwe nithibitishe?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni kiongozi wa zamu kwenye kikosi cha zimamoto cha kiwanda cha magodoro. Tuko 15, zamu tatu, gari moja. Mwajiri ameleta mshauri mwenye mfumo wa Uingereza, anauita mafunzo ya umahiri. Kila mmoja kapewa daftari la kurasa 60 na kila kipengele kinataka saini. Nina miaka 17 kazini, vyeti vimejaa bahasha. Sasa kijana wa umri wa mwanangu wa kwanza ananiambia nimwoneshe ninavyovuta maji kwa pampu. Hii si dharau? Na hata kama si dharau, kituo cha gari moja kitafanyaje mambo haya bila kuacha kiwanda wazi?"

Marahaba, kiongozi. La dharau nalijibu kwanza, maana ndilo linalokuuma, na nisipoliondoa njiani hutasoma yaliyobaki.

Niliwahi kusaini fomu ya mtu ambaye sikumwona akifanya kazi. Alikuwa dereva na mwendesha pampu wa siku nyingi, mtu na heshima zake, na mimi mkufunzi niliyechelewa na ripoti ya mwisho wa mwaka. Kipengele kilisema "kuvuta maji kutoka chanzo cha wazi". Nikamuuliza, "Mzee, hii si unaiweza?" Akacheka. Nikasaini. Miezi michache baadaye ghala la pamba likashika moto, tangi la gari likakauka, na maji mengine yalikuwa bwawani, hatua kama thelathini kutoka barabarani. Mzee akaunga mipira ya kunyonyea, akatupa chujio majini, akawasha. Geji haikusogea. Akafungua viungio vyote, akafunga upya, akajaribu tena. Kumbe vali ya tangini, ile inayofungua njia kati ya tangi la gari na pampu, ilikuwa wazi, tangi lenyewe tupu, na pampu ilikuwa inanyonya hewa tu. Aliyeigundua ni kijana aliyeshika tochi. Hakufa mtu, lakini ghala halikubaki.

Mzee yule alikuwa anajua. Tena aliwahi kufundisha wengine kazi hiyo hiyo. Ila mara ya mwisho kuifanya kwa mikono yake ilikuwa zaidi ya miaka sita nyuma, kwa sababu mjini tulizoea kujaza kwenye visima vya zimamoto, yale mabomba ya maji ya kuungia mpira. Cheti chake kilisema kweli juu ya mtu aliyekuwa mwaka ule alioandikiwa cheti. Saini yangu ndiyo iliyosema uongo juu ya mtu aliyesimama mbele yangu. Tangu siku hiyo nikiombwa nioneshe, naonesha, na ninayemwombea heshima ni yule atakayekuwa ndani ya moshi akinisubiri nimpe maji.

Kwa hiyo, hapana, si dharau. Inaweza ikawa imefanywa kwa namna ya dharau, hilo ni jingine na nitalirudia.

Huo mfumo wa mshauri wenu haukuanzishwa Uingereza kwa ajili ya kupamba makabati. Zamani mzimamoto wa Uingereza alipanda cheo kwa kufaulu mitihani ya serikali ya kupandishwa. Mwaka 2002, katikati ya mgogoro mkubwa wa mishahara, tume iliyoongozwa na Sir George Bain ilitoa ripoti iliyotaka huduma yote ya zimamoto ifumuliwe na kusukwa upya. Vyeo vya mtindo wa kijeshi vikaondolewa, yakawekwa majukumu 7, kuanzia mzimamoto wa kawaida mpaka meneja wa brigedi, na kila jukumu likaandikiwa kazi ambazo mwenye jukumu hilo lazima aziweze. Sheria mpya ya zimamoto ikafuata mwaka 2004. Mtu hupita hatua tatu: anajifunza, anatumia alichojifunza kazini huku akiangaliwa, kisha anatakiwa kukidumisha. Hata mshahara hufuata mwendo huo. Kuna wa mwanafunzi, wa anayeendelea kukua na wa aliyekwisha kuwa mahiri.

Hatua ya tatu, ya kudumisha, ndiyo inayokuhusu wewe. Mashimo mengi niliyoyaona yalikuwa hapo. Kule Uingereza idadi ya mioto imepungua sana tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo askari anaweza kufikisha miaka kumi ya utumishi akiwa ameingia kwenye nyumba inayowaka mara chache mno. Kwako moto ni nadra zaidi. Kiwanda kinachosimamiwa vizuri kinaweza kukaa muda mrefu bila moto wa maana, na Mungu apishie mbali uje. Miaka 17 hiyo, ndugu yangu, ukiitoa siku za kuosha gari, kukagua mitungi na kusimama getini, moto umebaki saa ngapi? Ujuzi wa mikono nao hauna subira. Kumfufua mtu ambaye moyo umesimama, kwa mfano, tafiti nyingi zimeonesha kwamba mikono huanza kupotea ndani ya miezi 3 hadi 6 tangu mafunzo.

Sasa hilo daftari la kurasa 60. Lingekuwa langu ningelichana nusu. Mshauri wenu amelibeba kutoka kwa kikosi cha mji, lina uokoaji wa ajali za barabarani, lina mafuriko, pengine na ng'ombe aliyetumbukia shimoni. Yote mema. Lakini daftari la namna hiyo huzaa ugonjwa mmoja: vipengele vinakuwa vingi kuliko siku za mwaka, mwisho watu wanakaa mezani Desemba wanagawiana saini. Uingereza kwenyewe walilalamikia hili, kwamba mfumo uligeuka kuweka alama za vema. Na pale ambapo mshahara unaning'inia kwenye saini, msimamizi anabanwa na huruma, udugu na mikopo ya watu.

Anzeni na moto wenu. Mnatengeneza sponji. Bloku likishamwagwa linaendelea kujipasha lenyewe ndani kwa saa kadhaa kwa sababu mchanganyiko bado unafanya kazi, na kemikali zikizidi kipimo, au mabloku yakibanwa pamoja kabla hayajapoa, moyo wa bloku unaweza kuungua bila mtu kuleta kiberiti. Ukiona moshi unatoka katikati ya bloku saa nane usiku, unafanya nini? Ukilikata kulichungulia, umelipa hewa. Hilo ni somo zima, na silitegemei kwenye daftari lililoandikwa kwa ajili ya mji. Kuna mapipa ya isosayaneti, kemikali ya kutengenezea sponji, ambayo yakiingiwa na maji hutoa gesi ya kaboni dioksaidi, na pipa lililofungwa likiwa na maji ndani linaweza kupasuka. Kijana aliyefundishwa tu kwamba moto huzimwa kwa maji anaweza kumwagia pipa lililotoboka, halafu mwingine akalifunga kwa nia njema. Na kuna moshi wa sponji, mweusi, mzito, wenye kaboni monoksaidi na haidrojeni sayanaidi. Pumzi chache zake zinatosha kumwangusha mtu, kwa hiyo hakuna wa kuingia "mara moja tu" bila barakoa na mtungi, awe meneja au awe nani.

Kaeni wewe, fundi wa uzalishaji na mtu wa usalama, mwandike kazi 12 hadi 15 ambazo zikishindikana mtu anakufa au kiwanda kinaisha. Basi. Kila kazi iandikwe kwa namna ambayo watu wawili wakiitazama watakubaliana kama imefanyika. "Anaelewa matumizi ya pampu" si kipimo, ni sifa. Kipimo ni hivi: usiku, tangi la gari likiwa limefungwa, kutoka kwenye bwawa la kiwanda, mwendesha pampu akiwa na msaidizi mmoja anatoa maji kwenye nozeli kabla ya dakika kadhaa kwisha na hayapotezi kwa dakika kumi zinazofuata. Dakika kadhaa hizo ngapi? Usiziokote kwenye kitabu. Chukua wendesha pampu wako watatu wazuri, wapime, ndipo upate namba ya kwenu. Kisha pima kimo, kutoka pampu ilipo kushuka hadi uso wa maji. Kinadharia pampu hunyonya hadi mita 10, kwa kazi halisi ukipata 7 shukuru. Kama wakati wa kiangazi maji ya bwawa yanashuka chini ya hapo, hakuna umahiri wa mtu utakaoyapandisha, na hiyo nayo ni habari ya kumpelekea mwajiri.

Zoezi ambalo ningelianza nalo kesho ni la hewa. Muulize kijana yeyote mtungi wa hewa wa lita 6 uliojazwa hadi bar 300 (bar ni kipimo cha mgandamizo) unadumu muda gani, atakujibu dakika 45. Kajibu sawasawa: 6 mara 300 ni lita 1,800 (kwa kweli ni pungufu kidogo), gawa kwa lita 40 kwa dakika, makadirio ya kitabuni ya hewa anayovuta mtu. Sasa mvalishe. Apande ngazi za ghorofa mbili akiburuta mpira uliojaa maji, ashuke, avute gunia la mchanga la kilo 50, dakika 8 bila kupumzika. Mmoja ataanza na bar 290 na kumaliza na 190. Ametumia bar 100, ambazo ni lita 600, yaani lita 75 kwa dakika. Filimbi ya kuonya kwamba hewa inakwisha, kwenye mitungi mingi, hulia karibu na bar 55, kwa hiyo kutoka hapo alipo ana kama dakika 11 kabla haijalia. Mwenzake, mnene kidogo na ana woga, ataanza na 290 hiyo hiyo na kumaliza na 150. Huyo anakula lita 105 kwa dakika, amebakiwa na dakika 5 na ushee. Hao wawili wakiingia pamoja, saa yao ni ya huyo wa pili. Andikeni namba hizo ubaoni, jina kwa jina, pasipo utani, na mzirudie kila baada ya miezi mitatu. Nimeona watu wengi zaidi walioacha sigara kwa sababu ya ubao huo kuliko kwa mawaidha ya daktari.

Moshi hauhitajiki. Funika kioo cha barakoa kwa karatasi ile ya kuokea keki, mtu anaona mwanga tu, haoni njia. Na tafadhali, mtu asije akakushawishi muwashe moto wa kweli kwenye ghala bovu eti ndiyo uhalisia. Januari 1982 huko Boulder, Colorado, wazimamoto wawili walikufa kwenye zoezi la namna hiyo, na kiwango cha NFPA 1403, cha chama cha Marekani cha kinga ya moto, kinachoongoza mafunzo ya moto halisi Marekani, cha mwaka 1986, kilitokana na vifo hivyo. Bado Septemba 2001, Lairdsville, jimbo la New York, kijana wa kujitolea aliwekwa ndani ya nyumba ajifanye mwathirika asubiri kuokolewa, moto ukawazidi waalimu, akafa, na aliyesimamia akatiwa hatiani mahakamani. Waswidi mwanzoni mwa miaka ya 1980 walitafuta njia nyingine, wakafundisha tabia ya moto wa ndani kwa makontena ya chuma, na Waingereza wakaikumbatia kwa nguvu baada ya kupoteza wazimamoto watatu ndani ya siku chache za Februari 1996, wawili Blaina na mmoja Bristol. Kama mwajiri ana fedha, awapeleke watu wanne kwa wiki moja penye kontena na wakufunzi wa kazi hiyo. Kama hana, karatasi ya keki itawafikisha mbali.

Gari moja: gari halitoki kiwandani na halifunguliwi vifaa vyote kwa pamoja. Kila zamu inaanza kwa kazi moja tu kati ya zile 15, dakika 30 hadi 40, baada ya ukaguzi wa gari na kabla jua halijawa kali. Mpira mmoja, mtungi mmoja, watu wawili wanafanya, wawili wanatazama, mmoja yuko kwenye redio. Simu ikilia, mnaacha mpira palepale chini na kuondoka na iliyobaki garini. Bwawani mnakwenda na gari, lakini bwawa liko ndani ya uzio, ni mwendo wa dakika. Mara mbili kwa mwaka waalikeni askari wa kituo cha wilaya cha Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Hao ndio watakaokuja mkipiga 114, na ni vizuri mgundue mchana kweupe kama viungio vya mipira yao vinaingia kwenye bomba lenu. Usicheke. Nakijua kiwanda kimoja kilichokuwa na visima vinne vya zimamoto ndani ya uzio, vizuri, vipya, na hakuna gari hata moja wilayani lililokuwa na kiungio cha kuingia humo.

Nafika kwako sasa, kama kiongozi. Daftari la kurasa 60 lina ngapi za uongozi? Nadhani tatu. Huo ndio upungufu wake mkubwa, wala si wenu peke yenu. Grenfell Tower, London, usiku wa 14 Juni 2017: watu 72 walikufa. Kikosi kile kilikuwa na vifaa, mitaala na rekodi za mafunzo. Wakazi waliambiwa wabaki vyumbani, kwa sababu jengo la namna ile hutarajiwa kuuzuia moto usitoke kwenye nyumba ulipoanzia. Ukuta wa nje ukawaka mpaka juu. Agizo la kubaki lilifutwa saa 8:47 usiku, na uchunguzi ulioongozwa na Sir Martin Moore-Bick ulisema lingeweza na lilipaswa kufutwa kati ya saa 7:30 na 7:50, na kwamba viongozi wa mwanzo hawakuwa wamefundishwa namna ya kutambua kwamba jengo zima linatakiwa lihamwe. Walikuwa mashujaa, hilo halina ubishi. Waliombwa wafanye kitu ambacho hakuna aliyewahi kuwapima nacho: kugeuza uamuzi katikati ya kazi.

Jipime hivyo. Mpe mtu wa usalama picha za kiwanda chenu, azipange, akusomee tukio kwa redio akiwa chumba kingine. "Moshi bloku la tatu, ghala la kukaushia." Wewe sema kwa sauti unataka kupata nini, unategemea nini kitatokea, na faida inazidi hatari au haizidi. Sabrina Cohen-Hatton, mzimamoto wa Uingereza aliye pia mwanasaikolojia, aliwafuatilia viongozi kwenye matukio na kukuta wengi wanaruka kutoka kuona hadi kutenda bila kupita kwenye kupanga, na maswali hayo matatu yamo katika utaratibu wa uamuzi uliotokana na kazi yake. Kisha, dakika ya sita, mtu wa usalama abadilishe habari: watu wawili hawajaonekana kwenye hesabu ya getini, na paa limeanza kupinda. Anayekupima haangalii kama umechagua kama ambavyo angechagua yeye. Anaangalia kama umegeuka, umegeuka baada ya muda gani, na kama waliokuwa ndani walisikia kwamba umegeuka.

Kuhusu kijana. Mfumo wowote wa umahiri ulio mzima una mlango wa wazoefu. Kwetu VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, huita urasimishaji wa ujuzi: fundi aliyejifunzia gereji hapelekwi darasani kuanza moja, anapewa kazi, anapimwa, akiiweza anapewa cheti chake. Dai hilo. Mwambie mshauri, "Nipimeni kwanza kazi zote 15 kwa wiki mbili, mnifundishe nitakazoshindwa tu." Ukifaulu kumi na mbili, umejiokolea miezi, na umejua tatu ambazo zingekuaibisha usiku wa moto. Na wewe ndiye uliyestahili kuwa mpimaji wa pili, kwa sharti moja lisilo na mjadala: hakuna anayempima mtu wa zamu yake mwenyewe. Kijana akupime wewe, wewe upime zamu nyingine. Udugu unapungua kidogo, chai inabaki.

Ila naye afundishwe adabu ya kupima. Mtu mzima hapimwi mbele ya vibarua waliosimama kwenye uzio wanachekelea. Hakatizwi katikati, isipokuwa kwa usalama. Akishindwa anaambiwa pembeni, kwa maneno ya kazi ("vali ya tangini ilikuwa wazi"), si kwa maneno ya mtu ("umezeeka, mzee wangu"). Anarudia ndani ya siku saba, na mpaka hapo kazi hiyo moja haifanyi peke yake. Nyingine zote anaendelea nazo. Mwajiri aandike kwa barua kwamba kushindwa mara ya kwanza si kosa la nidhamu wala haligusi mshahara, kabla hamjaanza, na barua ibandikwe. Bila barua hiyo mtapata daftari safi lililojaa saini, na hamtajua lolote.

Rekodi yenyewe iwe karatasi moja kwa kila mtu: kazi, tarehe, hali ilivyokuwa (usiku, mvua, bwawa limeshuka), muda, jina la aliyeona. Neno "aliyeona" ulisimamie. Ambaye hakuona hasaini, hata kama ni mimi na ripoti ya mwisho wa mwaka imechelewa.

Jumatatu anza na mitungi. Ukishapata namba, Jumatano nenda bwawani wewe wa kwanza, umwite kijana akiwa na saa yake mkononi. Na kabla hujawasha pampu, mkono ushuke kwanza kwenye vali ya tangini.